Saini Yangu Iliunguza Miche ya Mjomba

Nina umri wa miaka thelathini na tatu, naishi Wawi, Pemba, na kazi yangu ni ufundi wa maabara. Napima mbolea. Ndiyo, mbolea! Kila nikitaja kazi yangu watu hucheka na kujifanya wanaziba pua, nami hucheka nao. Lakini nikirudi nyumbani na kufunga mlango... wasomaji wenzangu, nalia mpaka mto unalowa.

Huu ni mwaka wa pili nimekaa na jambo hili kifuani. Naliandika kwa sababu kulisema nimeshalisema, tena mbele za watu, na hakuna aliyeniamini hata mmoja. Mtaona wenyewe ilivyokuwa.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka mitano. Mama akaolewa tena akahamia mbali pamoja na mumewe, nami nikachukuliwa na kaka wa mama, Mzee Faki wa Pujini. Mjomba Faki na mkewe, Bi Mkasi, Mungu hakuwajaalia mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wao, wa kwanza na wa mwisho.

Mjomba hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani na madarasa machache ya skuli, lakini kwangu alishikilia kidete kwamba nisome. Msimu wa karafuu ukiingia, wenzangu walipelekwa mashambani kuchuma. Mimi nikitia mguu tu shambani alikuwa ananirudisha. "Hebu nenda skuli weye, karafuu zina watu wake," alikuwa akisema. Siku nilipoajiriwa maabara alichinja kuku wawili, akawaambia majirani kwamba sasa nyumba yake ina mtaalamu.

Yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa kitu kimoja, na kitu hicho ni mbolea. Nyuma ya nyumba alichimba shimo, akitia matumbo na vichwa vya samaki, mavi ya mbuzi, mwani uliooza na majivu ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Akifunika kwa makuti na gunia, anaacha mambo yapikike yenyewe. Harufu yake! Ukipita njia ya nyuma lazima ukaze mwendo. Kipimo chake kilikuwa kifuu kimoja cha nazi kwa kila tuta la miche, kimekorogwa na maji. Hazidishi, hapunguzi.

Na miche yake haikuwa miche ya kawaida. Babu yake aliacha mkarafuu mmoja uliokuwa ukizaa hata ile misimu ambayo mikarafuu mingine yote inagoma. Upepo ukauangusha. Kabla haujakauka, mjomba akaokota matunda yaliyoiva, akapanda mbegu siku ile ile, maana mbegu ya mkarafuu haiwekeki. Ikikauka imekufa. Zikaota matuta sita! Alizilea kama mtu anayelea mayatima. Nusu ya watu wa shehia yake walishaahidiwa miche ile masika yakifika, kila nyumba miche yake, bure, ili uzao wa mti ule usipotee kisiwani.

Wasomaji, shikeni hilo. Mti mama ulikuwa umeshakwenda. Kilichobaki duniani ni yale matuta sita.

Sasa nije kwenye msiba wangu. Pale kazini ulikuja mradi wa kuchunguza mbolea zinazotengenezwa na wakulima wenyewe. Tulitakiwa kujua kila moja ina virutubisho kiasi gani: nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Mkuu wa mradi alikuwa mtafiti kutoka Unguja. Nitamwita Nassor, ingawa silo jina lake.

Alikuwa mzuri wa sura, mzuri wa maneno. Alikuwa akinitania kwa lafudhi yangu. Nikisema neno moja analirudia kwa kulivuta, maabara nzima inacheka, na mimi nacheka kuliko wote. Haikupita miezi mingi tukapendana. Wazee wake wakavuka kuja kuleta posa, na Mjomba Faki ndiye aliyewapokea. Aliniuliza mara moja tu, "Umeridhia, mwanangu?" Nikainamisha kichwa. Mwanamke wa umri wangu, ambaye majirani walishaanza kumwonea huruma, angejibu nini?

Utaratibu wa mradi ulikuwa hivi. Mtafiti aende mwenyewe kwa mkulima, achote mbolea sehemu mbalimbali za shimo, juu na chini, achanganye, atie kwenye mfuko, aufunge barabara na kuuleta maabara siku hiyo hiyo, mbolea ikiwa mbichi. Mfuko uandikwe namba, usiandikwe jina, ili sisi wapimaji tusije tukampendelea mtu.

Siku moja ikanifikia sampuli namba saba. Karatasi yake ilisema: mbichi, imechotwa shimoni na mtafiti. Mwandiko ulikuwa wa Nassor.

Nikafungua mfuko... mkavu! Unga laini, umepepetwa, hauna mfupa, hauna gamba la samaki, hauna harufu. Nimepima mbolea miaka saba, sijapata kuona mbolea safi namna ile. Nikampigia simu Nassor. Nikamuuliza, mbona saba imekauka hivi? Akaniapia kwamba ameichota kwa mkono wake. Akanitania, "Nyie Wapemba kwa ubishi! Pima bwana, tumechelewa."

Nikapima. Ya kupimia nitrojeni inachemshwa na asidi, kisha mwishoni unadondosha tone kwa tone huku unaangalia rangi. Ikibadilika haraka, ujue nitrojeni ni kidogo. Matone machache tu... rangi ya kijani ikageuka waridi. Nikarudia. Waridi tena. Fosforasi nayo ilikuwa chini.

Moyo uliniambia, Raya, hiki kitu hakiko sawa. Ningeweza kuurudisha mfuko ule. Sheria inaniruhusu, na fomu yake ipo kwenye droo. Lakini kuurudisha ilikuwa sawa na kuandika kwamba mchumba wangu ni mwongo. Nikachukua kalamu, nikatia saini.

Kwa hesabu za Nassor, mbolea namba saba ikaandikwa kuwa dhaifu mno, na mkulima akashauriwa atumie mara nne ya kiasi alichozoea. Karatasi zikagongwa muhuri, zikapelekwa kwa wakulima.

Wiki tatu baadaye Bi Mkasi akanipigia simu asubuhi, na mimi niko kazini. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Njoo, mwanangu. Njoo uone miche ya mjombao."

Nilikwenda na koti langu la maabara mwilini. Nikaenda moja kwa moja vitaluni. Majani yalikuwa yameungua kingo, ya kahawia, yamejikunja kama yamepitishwa juu ya moto. Matuta yote sita! Mjomba alikuwa amechuchumaa katikati, amevua kofia yake, anapapasa jani moja moja.

Akanyanyuka akanipa karatasi. Juu yake namba saba. Chini yake, jina langu na saini yangu.

Kumbe saba ni mjomba! Kumbe ule unga...

Akanieleza bila hasira yoyote kwamba hata yeye aliposoma "mara nne" alishtuka. Alikaa nayo siku mbili. Bi Mkasi alimwambia asitie. Lakini akamjibu mkewe, "Karatasi hii ina nkono wa mwanangu. Nimbishie vipi ntu n'lomsomesha mwenyewe?" Akatia vifuu vinne kila tuta, siku moja, miche yote, ili yote ishibe sawasawa.

Nikawauliza ile sampuli aliichota nani. Hapo Bi Mkasi akajibu kwa fahari, masikini, kama mtu anayesubiri kusifiwa.

"Yule mchumbao hakuja shimoni. Kapiga simu tu, kasema tumtengenezee sampuli vizuri, ataipitia. N'kamwambia Mzee, kitu cha kupelekwa ofisini hakipelekwi hivi hivi na uvundo wake. Tukakianika jamvini siku tatu, miye nikigeuza, nikichagua miiba na magamba. Nikakipepeta. Mpaka harufu ikaisha kabisa!"

Wasomaji wa bara huenda msielewe. Kwetu Pemba, tangu mtoto hajajua kusoma anajua kwamba karafuu haipelekwi mbichi kituoni. Inaanikwa, inageuzwa, inachambuliwa makonyo, inapepetwa, ndipo inakwenda kupangiwa daraja. Ukipeleka chafu unaaibika. Kwa hiyo mtu wa ofisi akisema "tengeneza vizuri," Mpemba anatandika jamvi! Wale wazee walifanya kwa heshima. Walinifanyia heshima mimi.

Lakini ile harufu iliyokwisha ndiyo nitrojeni yenyewe! Kila siku ya jua ilikuwa inapaa hewani. Ile miiba ya samaki aliyoitupa Bi Mkasi ndiyo fosforasi. Mimi nilipima maganda, nikayaandika kuwa ndiyo embe. Na mbolea halisi, kali, mbichi, ilikuwa imelala shimoni ikingoja kuzidishwa mara nne.

Nikachota ya shimoni nikarudi nayo maabara. Nilidondosha tone, tone, tone... rangi haikubadilika. Nikaendelea kudondosha mpaka nikaona aibu kutazama kile kipimo.

Tulijaribu kuiokoa miche. Tulimwaga maji mengi ili chumvi ya mbolea ile ishuke chini ya mizizi. Mimi, mjomba, Bi Mkasi na wanawake wa jirani tulibeba ndoo kutoka kisimani, siku nne mfululizo. Kisima kikaanza kutoa tope. Nilitandaza makuti juu kuzuia jua. Nilisoma kila nilichoweza kusoma. Elimu yote niliyopewa na mzee yule ilikuwa mkononi mwangu, na haikuniambia chochote isipokuwa kwamba nimechelewa.

Ilikufa tuta kwa tuta. La mwisho lilikuwa na miche kumi na moja ikiwa bado na ncha za kijani. Mjomba alikuwa akiihesabu kila akitoka kuswali. Tisa... sita... miwili. Halafu akaacha kuhesabu.

Mbegu nyingine angeitoa wapi? Mti ulishakuwa kuni!

Nilimfuata Nassor. Tulikutana Gombani, jirani na uwanja, vijana wanafanya mazoezi ya mpira. Nilikuwa nimejiandaa kumpasulia. Nilimwambia kila kitu. Unajua alifanya nini? Alilia! Mwanaume mzima alinilalamikia kwamba siku ile alikuwa na homa, kwamba vijiji vilikuwa vingi, kwamba hakujua mkulima yule ni mjomba wangu, aliyepokea posa yake. Uongo! Alikuwa anaijua nyumba ile, alishakula pilau pale.

Kisha akatoa karatasi nyingine mkobani. Ilikuwa sehemu ya ripoti ya mwisho. Imeandikwa kwamba mkulima namba saba alipata hasara kwa kutofuata maelekezo ya vipimo, na kwamba matokeo ya maabara ni sahihi. Pale chini palihitaji saini ya mpimaji.

Akaniambia nisipotia saini, yeye atafukuzwa, mradi utafungwa, na harusi yetu haitakuwepo. Akasema miche imeshakufa, haifufuki kwa sisi wawili kuangamia. Akasema mzee ni mtu wa Mungu, atasamehe, na tukioana tutamlea pamoja.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo ninapoomba msinionee huruma. Mara ya kwanza nilidanganywa. Mara ya pili nilijua. Nilikuwa nimeiona ile miche kwa macho yangu, nimebeba maji yake kichwani, najua nani kaiua... na nikachukua kalamu nikatia saini! Juu ya paja langu, pale pale kwenye ukuta wa uwanja, watu wanacheza mpira.

Kwa nini? Nimejiuliza mara elfu. Niliogopa kurudi kuwa yule mwanamke wa kuonewa huruma. Ndiyo hiyo tu. Hakuna sababu kubwa zaidi.

Ripoti ilisomwa kwenye darasa moja la skuli kule Pujini, sheha yupo, wakulima wapo. Nilikaa mbele pembeni ya Nassor. Aliposoma ile sentensi ya namba saba watu wakaanza kunong'ona. Wote walimjua namba saba ni nani. Mmoja akauliza kwa sauti, inawezekanaje Mzee Faki, na mikono ile, akosee kipimo?

Mjomba akasimama. Nikajua sasa atasema. Nilitamani aseme! Nilitamani aitoe ile karatasi ya mara nne mfukoni na kuwaonyesha watu.

Akasema, "Hadhirina, tusitafutane maneno. Ntoto wangu katia nkono wake hapo, na yeye ndo ajuaye. Miye nshakuwa ntu nzima. Yumkini n'lihisabu vifuu vibaya."

Akakaa. Bi Mkasi, aliyekuwa nyuma na wanawake, alijifunika uso kwa mtandio. Na mimi? Ulimi ulikuwepo mdomoni. Sikuutumia.

Hakusema vile ili kunilinda, hapana! Alikuwa ameamini kweli. Mtu aliyepima kifuu kimoja kwa miaka arubaini alianza kuutilia shaka mkono wake kwa sababu karatasi yangu ilisema.

Baada ya ripoti kupokelewa Nassor alirudi Unguja, akisema anakwenda kuandaa mambo ya harusi. Simu zikapungua. Kisha ikaja meseji, hata si simu, kwamba wazee wake wameona afadhali aoe karibu na kwao. Posa nzima, na pilau, na dua, ikavunjwa kwa meseji ya mistari mitatu! Nasikia amepanda cheo. Sijui. Sitaki kujua.

Sikuwa na cha kuogopa tena, ndipo ushujaa ukanijia. Tazameni ushujaa wa aina gani! Nikaandika barua kwa mkuu wa maabara nikakiri yote. Akaniita, akanisikiliza vizuri, akaniuliza ushahidi uko wapi. Mfuko wa sampuli ulishatupwa. Ile niliyoipima mwenyewe ilikuwa imechotwa baadaye, bila namba, bila kibali, tena kutoka nyumbani kwa ndugu yangu. Na karatasi mbili zilizopo zote zina saini yangu. Akasema ripoti imeshachapishwa na imeshasambazwa, na kwamba nimepitia mtihani wa kuvunjiwa posa, nichukue likizo nipumzike.

Nikaenda kwa sheha. Akatabasamu. "Mjombao lazima umtetee, Bi Raya. Ndo utu huo." Nikawaambia wanawake kwenye hitima, sufuria mbele yetu, nikalia mbele yao. Wakanibembeleza! Mmoja akanifuta machozi kwa kanga yake, akaniambia Mungu atanilipa kwa kumstiri mzee wangu.

Mnaelewa wasomaji? Nilipodanganya niliaminiwa mara mbili. Niliposema kweli nikapewa pole.

Alibaki mjomba mwenyewe. Nilimkuta nyuma ya nyumba ana jembe, anafukia shimo la mbolea. Nilipiga magoti kwenye ule udongo. Nikamwambia yote: jamvi, jua, harufu, simu ya Nassor, saini ya kwanza, saini ya pili pale Gombani. Sikuacha neno. Nilimwambia, mjomba, mkono wako haukukosea, ni mimi niliyeua miche yako, nikakusingizia mbele za watu.

Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea mpini. Kisha akaniinua.

"Kuanika si kosa, mwanangu. Kitu kichafu nani angekipokea?"

Nikamweleza tena, polepole. Akatikisa kichwa kwa upole.

"Usiseme uwongo kwa ajili yangu. Dhambi. Kwenye karatasi hukusema hivyo."

Akarudi kwenye jembe lake, akaendelea kufukia. Nilisimama pale nikiangalia udongo unaingia.

Sasa halimi miche. Watu wakija kuuliza anawaambia mikono yake imeshachakaa. Nikienda kwake kila Ijumaa ananipokea kwa dua, anamwambia Bi Mkasi anikaangie samaki, anawaambia wageni huyu ndiye mtaalamu wetu.

Ndugu zangu mnaofanya kazi za kupima na kuandika, iwe mbolea, damu, maji au mitihani ya watoto, nawaomba kwa jina la Mungu. Mkikuta mfuko mkavu na karatasi imeandikwa mbichi, wekeni kalamu chini. Piga kelele siku ile ile. Uitwe mbishi, uachwe na mchumba, ufukuzwe kazi, lakini siku ile ile! Usijidanganye kwamba utakuja kusema baadaye. Saini yako itakuwa imeshakwenda mbele yako, imeingia majumbani mwa watu wanaokupenda, na wao wataiamini hiyo kuliko mdomo wako.

Na dada zangu mnaoogopa kubaki peke yenu... mimi nimebaki peke yangu vile vile.

Wengine huomba wasamehewe. Mimi naomba mjomba wangu, kabla Mungu hajamchukua, anikasirikie japo siku moja. Anifukuze. Aniambie, "Ni weye!" Mpaka leo bado ananiombea dua.